HOFU ISIWE BWANA WETU

Somo kwa wakristo wote: wapapa, wamama, vijana na watoto wakubwa

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya mafundisho: Zaburi 56, Marko 4:35-41, Yeremia 28 na 29, Matendo ya Mitume 27:21-44, Danieli 3:13-18.



Tunamshukuru Mungu aliyetulinda hadi leo, sisi tulio Nguba, na ninyi mlio Kadutu, Bagira, Panzi na kila mahali gazeti letu linapofika.

Somo hili halikuandikwa na watu wasiojua hofu. Sisi mashemasi tuliolitayarisha tulilala chini ya vitanda kama ninyi. Tulizima taa kama ninyi. Tulisema mbele ya waumini, "Msiogope," na kule nyumbani mfuko wa nguo na makaratasi ulikuwa umefungwa nyuma ya mlango. Basi mtupokee kama wanafunzi wenzenu, si kama walimu.

I. HOFU TUNAYOIJUA

Mji wetu wa Bukavu umekaa kwenye ziwa kama mkono uliochovya vidole majini. Ni mji mzuri. Lakini wenye umri wa miaka arobaini na kupita wanajua pia mengine yaliyoingia ndani yake.

Mwaka 1994 tuliona wakimbizi wakivuka Ruzizi kwa wingi, wakilala shuleni, makanisani na barabarani. Sisi tulikuwa watoto, tukashangaa kuona watu wazima wakilia. Mwisho wa Oktoba 1996 vita ikaingia katika mji wenyewe, nasi tukajifunza kukimbia na bidoni kichwani. Mwezi wa Agosti 1998 vita nyingine ilianza. Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi waliuteka mji kwa siku chache, na wamama na mabinti wetu wengi waliumizwa kwa namna ambayo hata leo hawaisemi. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, ardhi ilitetemeka. Ng'ambo, katika Rusizi ya Rwanda, kuna watu waliokufa wakiwa ndani ya kanisa, katika maombi. Na katika mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, tulisikia kwamba Kavumu imechukuliwa. Ijumaa tarehe 14 M23 walikuwa wameanza kufika, Jumamosi tarehe 15 mji ukakosa mwenyewe, watu wakavunja na kupora, na Jumapili tarehe 16 mji ukawa mikononi mwao.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mtoto akiangusha sufuria, mama anaruka. Mpira wa gari ukipasuka pale Nyawera, barabara nzima inakimbia. Watu wa namna hii wasihukumiwe haraka. Hofu yao ina historia.

II. KUOGOPA SI DHAMBI

Ndugu wengi wametuuliza swali hili kwa siri: "Shemasi, nikiogopa, je, nimemkana Mungu?" Tujibu kwa Neno.

Tumwangalie Daudi. Kichwa cha Zaburi 56 kinatuambia kwamba aliitunga alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi. Tukisoma 1 Samweli 21 tunaona jinsi alivyomwogopa mfalme Akishi sana, hata akajifanya mwenda wazimu, akaachia mate yatiririke kwenye ndevu zake. Huyu ndiye aliyemuua Goliathi! Na katika Zaburi hiyo hasemi kwamba hana hofu. Anamwambia Mungu kwamba siku ile hofu inapomjia, ndiyo siku anayoweka tumaini lake kwake. Hofu na tumaini zilikaa ndani ya moyo mmoja, siku moja.

Tumwangalie mfalme Yehoshafati katika 2 Nyakati 20. Alipopata habari ya jeshi kubwa, Maandiko hayafichi: aliogopa. Lakini baada ya kuogopa alifanya nini? Aliukaza uso wake kumtafuta Bwana, akawakusanya watu wote, hata watoto wadogo. Akakiri mbele ya watu kwamba hawajui la kufanya, ila macho yao yanamwelekea Mungu. Mfalme kusema mbele ya raia kwamba hajui la kufanya, hilo ni jambo kubwa.

Tuwaangalie tena wanafunzi wa Yesu katika Marko 4. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji mtu wa kutufasiria tufani ya ziwa. Tunaona jinsi upepo unavyogeuka mara moja kati ya Idjwi na Minova. Tunakumbuka boti MV Merdi iliyotoka Minova na kuzama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu wakiwa nchi kavu wanatazama. Wanafunzi waliogopa kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kweli. Hofu yao haikuwa uongo. Wakaenda kumwamsha Yesu, wakamsemesha kwa ukali kana kwamba hawajali. Yeye alifanya nini kwanza? Katika Marko, alinyamazisha upepo kwanza, ndipo akawauliza juu ya imani yao. Aliwaokoa kabla ya kuwafundisha. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: mtu anazama, nasi tunamhubiri.

Basi hofu inapoingia nyumbani mwako, usione haya. Hofu ni kama mgeni anayepiga hodi usiku: hukumwita, wala huna uwezo wa kumzuia asipige hodi. Lakini usimpe ufunguo wa nyumba.

III. KUKIMBIA AU KUBAKI?

Neno hili limetugawa. Lazima tulisemee waziwazi.

Februari 2025 wengine wetu walivuka Ruzizi ya Kwanza, ambayo kutoka Nguba ni mwendo wa miguu tu. Wengine walishuka Kamanyola hadi Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakaingia Burundi. Wengine walibaki. Amani kidogo iliporudi, waliokimbia walianza kurudi ibadani, nasi tukasikia maneno mabaya. Mama mmoja aliyevuka na watoto wake wanne alikuta mahali pake pa kukaa pamechukuliwa. Dada mwenzake akamwita "mke wa Lutu". Mama yule akakaa kwenye benchi la nyuma, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Wapendwa, aliyesema neno lile hakusoma vizuri. Tufungue Mwanzo 19. Ni malaika waliomwambia Lutu akimbie, tena asisimame popote bondeni. Kosa la mkewe halikuwa kukimbia. Kosa lake lilikuwa kugeuka nyuma. Lutu aliokolewa kwa miguu yake, na hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu.

Tena tusome Matayo 2. Mwokozi wetu mwenyewe, akiwa mtoto mchanga, alikimbizwa Misri usiku. Yusufu hakumwambia malaika, "Mimi nina imani, nabaki Betlehemu." Alifunga mizigo. Mtume Paulo aliteremshwa katika kapu kwenye ukuta wa Dameski (Matendo 9:25). Na katika Matayo 10:23 Yesu anawaruhusu mitume, wakiteswa katika mji mmoja, wakimbilie mji mwingine.

Lakini kuna saa ya kubaki pia. Yeremia alipewa ruhusa ya kwenda Babeli apate kutunzwa vizuri, akachagua kukaa na maskini waliobakia katika nchi (Yeremia 40). Na Yesu aliyekimbizwa Misri ndiye aliyekwenda Yerusalemu saa yake ilipofika, ingawa alijua kinachomngoja.

Sisi wa kanisa hili tunao mfano karibu zaidi. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake hapo Nkamba. Tarehe 6 Juni mwaka ule mtawala Mbelgiji Léon Morel alifika na askari ili kumkamata. Je, Papa Simon Kimbangu alifanya nini? Aliponyoka mikononi mwao, akaendelea kuhubiri mafichoni kwa miezi mitatu. Mtu asiyeelewa angemwita mwoga. Lakini tarehe 12 Septemba 1921 alirudi Nkamba waziwazi, akakamatwa bila kupigana, wala hakuwaruhusu waliomfuata watumie nguvu. Mtu yule yule, imani ile ile: mwezi wa Juni alikwepa, mwezi wa Septemba alisimama. Hakuongozwa na hofu mara ya kwanza, wala na majivuno mara ya pili. Alisikiliza saa ya Mungu.

Basi tusiwapime watu kwa mahali walipolala usiku ule. Mwenye mtoto wa siku tatu na kijana asiye na mke hawakuwa na wajibu mmoja. Mama mzee asiyeweza kutembea, na mwanawe aliyebaki kwa ajili yake, wote wawili walitii. Swali si "Ulikimbia?" Swali ni hili: katika kukimbia kwako au kubaki kwako, ulimshika nani mkono, na ulimwacha nani?

Na yule mama? Mashemasi wawili na yule dada aliyemtukana walimwendea nyumbani. Dada akaomba msamaha mlangoni kabla ya kuketi. Mama hakujibu upesi. Aliwasha makala, akapika sambaza na bugali, wakala pamoja. Jumapili akarudi, na dada ndiye aliyemsogezea nafasi.

IV. HOFU IKIWA BWANA, INAZAA NINI?

Tumesema kuogopa si dhambi. Lakini hofu ikikaa katika kiti cha Mungu, inazaa dhambi. Tutaje watoto wake watatu, maana tumewaona kati yetu.

1. Mtoto wa kwanza: wizi unaojiita baraka

Siku ya tarehe 15 Februari 2025 depo nyingi za mji zilivunjwa. Mojawapo ni ya Shirika la Chakula Duniani, PAM, ambamo chakula cha tani kama 7.000, kilichowekwa kwa ajili ya wenye njaa na waliokimbia vita, kilibebwa na watu. Wapendwa, hatutasema kwamba waliobeba walikuwa wapagani tu.

Jumapili ya tarehe 23 familia moja ilileta nusu gunia la unga kama sadaka ya shukrani. Wakasema Mungu amewajalia. Sisi mashemasi tuliupokea, tukashukuru, hata tukapanga nani atagawiwa. Hatukuuliza kitu. Mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, ndiye aliyeuliza kwa sauti ya pole: "Unga huu, Mungu aliutoa kwa nani akaupeleka kwa nani?" Tukanyamaza. Tulijua jibu tangu mwanzo, maana alama ilikuwa bado juu ya gunia.

Baba wa familia ile alisimama, akasema ukweli: aliogopa watoto wake wafe njaa, kwa sababu benki zilifungwa na soko halikuwa na kitu. Tunamheshimu kwa kusema. Nasi pia tulikiri kosa letu sisi mashemasi, kwamba macho yetu yaliona gunia yakakataa kuona alama. Depo ilikuwa tupu, hapakuwa na mahali pa kurudisha. Unga ule, pamoja na mwingine uliobaki kwake nyumbani, ukapelekwa kwa familia za waliokimbia, wale ambao ulikuwa wao tangu mwanzo. Na kanisa likachangia chakula kwa baba yule, kila nyumba kikombe kimoja cha unga.

Katika Kutoka 16 Waisraeli waliogopa kesho, wakaweka mana ya ziada usiku. Asubuhi ilikuwa na wadudu na harufu mbaya. Zakayo (Luka 19) hakuishia kwenye machozi, aliahidi kurudisha mara nne. Njaa inaweza kutufanya tulie mbele ya Mungu. Isitufanye tuandike jina lake juu ya kitu ambacho hakutupa.

2. Mtoto wa pili: unabii wa tarehe

Kanisa letu ni kanisa la unabii. Hatudharau unabii. Kwa sababu hiyo tunapaswa kuwa wa kwanza kuulinda.

Baada ya Februari, na zaidi baada ya milipuko ya tarehe 27 pale Place de l'Indépendance, ambayo iliua watu, maono yalianza kuzunguka katika kartie zetu. Huyu ameona moto juu ya ziwa. Yule ameambiwa kwamba tarehe fulani mji utakwisha. Mwingine akatumiwa ujumbe wa sauti katika simu kutoka kwa mtu asiyemjua, naye akautuma kwa watu hamsini kabla ya kuomba hata mara moja. Fundi mmoja wa kushona aliuza mashine yake kwa bei ya kutupa kwa sababu ya tarehe namna hiyo. Tarehe ikapita. Mji upo. Mashine haipo, na watoto wa fundi wanalala na njaa. Aliyetoa unabii hakurudi kumwomba msamaha.

Katika Yeremia 28 Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjika. Watu walifurahi. Yeremia mwenyewe alisema amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakuwa amemtuma Hanania, na mwaka ule ule Hanania alikufa. Ona jambo hili: kuna unabii wa uongo unaotisha, na kuna unabii wa uongo unaofariji. Yote miwili inauza kitu kimoja, yaani inawapa watu tarehe ili wasihitaji kumtegemea Mungu kila siku.

Kanuni tuliyojiwekea ni hii. Ono likimjia mtu, alilete kwanza kwa wazee wa kanisa, waliombee kwa siku kadhaa, walipime kwa Maandiko. Lisitangazwe sokoni wala katika simu. Na mtu yeyote asiuze kitu, asiache kazi, asimwachishe mtoto shule kwa sababu ya ono ambalo halijapimwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 linatupa kipimo: neno lisipotimia, Bwana hakulisema, nasi tusimwogope mtu huyo.

3. Mtoto wa tatu: kumshuku jirani

Hofu inatafuta uso wa kuutupia lawama. Tulianza kuangalia pua za watu na kusikiliza jinsi wanavyotamka maneno. Jirani tuliyemwazima chumvi kwa miaka ishirini akawa "mtu wa wale". Wapendwa, damu nyingi ya nchi hizi zetu ilianza na neno dogo namna hiyo. Mtu akifanya uovu, ahesabiwe uovu wake yeye. Kabila lake halikukutenda kitu. Mbele ya Mungu, mwenye kueneza jina la jirani ili adhuriwe ameshika panga tayari, hata kama mikono yake ni mitupu.

V. KUMTEGEMEA MUNGU NI KUFANYA NINI?

Wengine wanafikiri kumtegemea Mungu ni kukaa na kungoja. Tumwangalie Paulo katika Matendo 27. Tufani ilikuwa imewashika siku kumi na nne. Malaika alikuwa amemwahidi kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Je, Paulo alilala? Hapana. Aliwaonya askari wasiwaache wanamaji watoroke na mtumbwi. Akawaambia watu wote wale, kwa sababu hawakuwa wamekula. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao, akaumega, akaanza kula yeye. Wote 276 wakapata moyo. Meli ilivunjika, watu wote wakafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ya Mungu ilitimia kupitia mkate, kamba na mbao.

Kwa hiyo, katika nyumba zetu tufanye mambo haya:

Kwanza, maombi yawe na saa yake. Asubuhi na jioni, baba, mama na watoto pamoja, hata dakika kumi. Mtoto aruhusiwe kusema katika maombi kitu anachoogopa. Mtoto asiyesema hofu yake mchana ataipiga kelele usiku.

Pili, tujitayarishe bila haya. Makaratasi ya familia yawe katika mfuko mmoja. Watoto wajue majina kamili ya wazazi wao na mahali pa kukutana tukitawanyika. Katika 1996 watoto wengi walipotea kwa sababu walijua tu "Papa" na "Mama". Nuhu alijenga safina kabla ya mvua, na hakuna aliyesema hakuwa na imani.

Tatu, tuendelee na kazi. Katika Yeremia 29 watu waliochukuliwa mateka wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautakie amani mji waliomo. Na katika Yeremia 32 nabii ananunua shamba wakati adui amezunguka mji! Mama anayepanda lengalenga nyuma ya nyumba, mwalimu anayefundisha bila kujua mshahara utatoka lini, wote wawili wananunua shamba la Yeremia.

Nne, tutembeleane. Hofu inaogopa watu wawili. Kila avenyu iwe na nyumba mbili au tatu zinazojuana, zenye kuulizana kila asubuhi: mmelalaje? Wajane, wagonjwa na wenye kukaa peke yao wasisahauliwe.

Tano, wenye majeraha makubwa wapelekwe kwa waganga wanaojua. Kuna wamama ambao tangu 2004 hawajalala usiku mzima. Maombi yetu hayapigani na hospitali. Mungu aliyetupa maombi ndiye aliyetupa pia Luka, mganga.

VI. NA MUNGU ASIPOTUOKOA?

Hili ni swali gumu, nasi hatutalikimbia. Tuliomba kwa ajili ya watu waliokufa. Tulifunga kwa ajili ya vijana ambao hawakurudi. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ingawa hakuwa wa kanisa letu, alibaki na watu wa mji huu, akauawa pale Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Je, imani yake ilipungua? Hapana.

Tusome Danieli 3. Vijana watatu walimwambia mfalme mambo mawili. Kwanza, Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru. Pili, hata asipowaokoa, hawatasujudia sanamu. Sisi tunapenda kuhubiri neno la kwanza. Imani inakomaa katika neno la pili.

Papa Simon Kimbangu alihukumiwa tarehe 3 Oktoba 1921: viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali na kwao, gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alikaa miaka thelathini. Je, milango ya gereza ilifunguka kama kwa Petro? Haikufunguka. Alifariki humo tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka ile yote Mama Marie Muilu alibaki na watoto na na waumini waliojificha, akalima, akaomba, akalinda moto chini ya majivu. Wengine walihamishwa kwa nguvu hadi pande za mbali za nchi, na imani ikaenda pamoja nao. Mama Muilu alilala tarehe 27 Aprili 1959. Kanisa likatambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba mwaka ule ule. Hesabuni: ilibaki miezi minane tu. Hakuiona siku ile kwa macho ya mwili.

Je, walimtegemea Mungu bure? Sisi tunaosoma karatasi hii huku Nguba, mbali sana na Nkamba, ndio jibu.

Kwa hiyo hatuwaahidi kwamba hakuna risasi itakayopita Nguba. Hatujatumwa kusema hivyo. Tunasema hivi: Mungu anakaa ndani ya mtumbwi pamoja nasi, maji yakituama na maji yakichafuka. Na kitu tulichomkabidhi, hata kifo hakimnyang'anyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Daudi alikuwa na hofu na tumaini siku moja. Wewe ulipata hali hiyo lini?
2. Je, kuna mtu uliyemhukumu kwa sababu alikimbia, au kwa sababu alibaki? Utamwendea lini?
3. Katika nyumba yako kuna kitu kilichoingia siku ya tarehe 15 Februari 2025 ambacho si chako? Zakayo angefanya nini?
4. Ujumbe wa kutisha ukifika katika simu yako, utafanya nini kabla ya kuutuma kwa mwingine?
5. Nyumba zipi mbili katika avenyu yako utaanza kuziuliza kila asubuhi?

SALA YA KUMALIZA

Baba Mungu, unajua usiku wetu na sauti zake. Hatukuletei moyo usioogopa, kwa maana hatunao. Tunakuletea huu tulio nao. Uwasamehe waliopora, na sisi tuliopokea. Uwarudishe waliokwenda, uwape moyo waliobaki. Uwafunge midomo wanaotumia jina lako kutisha watoto wako. Uwalaze vizuri wamama wetu. Uulinde mji huu, na ziwa hili, na majirani zetu wa ng'ambo. Na hofu ikirudi tena kupiga hodi, itukute tumeketi pamoja nawe. Kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Amina.

Bwana awabariki. Ni sisi watumishi wenu, mashemasi wa Nguba.